Kontrol boksi ya Galant VR-4 haifi yenyewe

Mwenye Mitsubishi Galant VR-4 akinijia na habari kwamba amebadilisha kontrol boksi (kompyuta inayoendesha injini) na ile aliyonunua nayo imekufa, boksi yenyewe naiweka pembeni kwanza. Nauliza: nini kinaiua?

Gari hili lilitoka mwishoni mwa miaka ya 1980, likaundwa kwa ajili ya mbio za rali za dunia chini ya kanuni za Group A, yaani magari yanayotokana na yale yanayouzwa kwa umma, na mwaka 1989 likashinda rali ya 1000 Lakes kule Finland na ile ya RAC kule Uingereza. Injini yake ya 4G63 yenye tabo (turbo) ni chuma kweli. Kinachozeeka ni umeme wake.

Adui wa kwanza anaishi ndani ya boksi. Kapasita zake, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme, zina umajimaji ambao baada ya miaka huvuja na kuanza kula shaba ya ubao wa saketi. Gari linawaka vizuri asubuhi, likishika moto linaanza kumisi au linazima. Ukifungua kifuniko ukapata harufu kama ya samaki, na kutu ya kijani kwenye miguu ya kapasita, umeshamkamata. Ndiyo maana sipendi kabisa watu kukimbilia boksi ya mtumba: boksi ya mwaka 1990 ina kapasita za mwaka 1990. Ni afadhali kulehemu kapasita mpya, tena zinazohimili nyuzi 105 badala ya 85, kwa kuwa kila nyuzi 10 za joto zinazopungua huongeza umri wa kapasita karibu maradufu.

Lakini kama transista (swichi ndogo ya umeme) au chipu ya ndani imeungua, kapasita mpya hazitasaidia. Hapo mtafute adui wa pili, nje ya boksi: nenda kwenye mota ndogo inayorekebisha hewa ya sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Ina pini 6 na koili 4. Pima pini ya 2 kwenda ya 1 na ya 3, halafu ya 5 kwenda ya 4 na ya 6. Kila koili isome ohm 28 hadi 33 mota ikiwa kwenye nyuzi 20 hivi. Koili iliyoungua ndani ikashuka hadi ohm 10 inavuta zaidi ya ampea 1, wakati nzima haifiki hata nusu ampea. Transista inayoiendesha haiwezi kubeba mzigo huo. Funga boksi yoyote utakayo kwenye mota hiyo, itaungua vilevile.

Halafu kuna ethi, waya unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri, na hapa naomba msomaji atulie. Kupima waya wa ethi gari likiwa limezimwa, ukasikia mita inalia, hakuthibitishi chochote. Mita inapitisha umeme kidogo sana, hata uzi mmoja wa shaba uliobaki unatosha kuupitisha. Washa injini, washa taa na feni, kisha weka mita kwenye volti: ncha moja kwenye pini ya ethi ya kontrol boksi, nyingine kwenye hasi ya betri. Nataka kuona chini ya volti 0.1. Nikikuta 0.5, sensa zinaweza kusomwa kimakosa, na boksi inalaumiwa bure. Fuata waya huo mpaka unapofungwa kwenye injini au bodi ya gari, kwangua kutu, funga upya, pima tena injini ikiwa ya moto.

Na gari likienda kuchomelewa bodi, chomoa betri na kontrol boksi kabla fundi hajawasha mashine.