Skinner hakusema mtoto ni kasuku

Nimeulizwa tena: si Skinner, yule mwanasaikolojia wa tabia, alisema watoto hujifunza lugha kwa kuiga, kisha mwanaisimu Chomsky akathibitisha kwamba wanazaliwa nayo? Hapana, hapana kabisa. Pande zote mbili za swali hilo zina kasoro, na wa kwanza ndio unaonichosha.

Kitabu cha Skinner cha mwaka 1957 kinaugawa usemi kwa kuangalia kinachouchochea na kinachofuata baada yake. Kurudia alichosikia ni aina moja tu kati ya kadhaa. Mtoto mwenye kiu akisema "maji" akapewa, ameomba. Akisema "maji" kwa kuyaona yamemwagika, mkubwa akaitikia "ndiyo", ametaja. Neno ni lile lile, kazi ni mbili, na anayeiweza moja huenda asiiweze nyingine. Wanaofundisha watoto wenye usonji wanautumia mgawanyo huo hadi leo, kwa hiyo msinizikie Skinner mapema.

Anapokwama ni kwenye sarufi. Kwa Skinner usemi hukua kwa uimarishaji, yaani matokeo yanayoufanya urudiwe, kama kupewa maji. Sasa sarufi nani anaiimarisha? Mwaka 1970 Brown na Hanlon walichambua mazungumzo ya watoto na wazazi, wakakuta mzazi hukubali au hukataa kwa kuangalia ukweli wa kauli, si usahihi wa sarufi. Kabla yao, mwaka 1958, Berko aliwapa watoto neno la kubuni, "wug", nao wakaliundia wingi ambao hawajawahi kuusikia, sembuse kutuzwa kwa kuutamka. Wanatabia, yaani walio upande wa Skinner, hujibu kuwa huo ni ujumlishaji: kupeleka ulichojifunza kwenye hali mpya. Sawa, lakini unajumlisha kwa kanuni ipi? Hapo wananyamaza.

Na Chomsky? Uhakiki wake wa 1959 wa kitabu hicho cha Skinner hauthibitishi kwamba tunazaliwa na sarufi. Hoja yake kuu ni kwamba "kichocheo" na "uimarishaji" hupoteza maana nje ya maabara. Mbele ya picha ile ile mmoja atasema imechorwa na Mholanzi, mwingine atasema imening'inia upande. Kama kichocheo unakijua baada tu ya mtu kusema, hujaeleza kitu.

Mimi niko upande wa utambuzi, yaani wanaoieleza lugha kwa yanayoendelea akilini, ila suala la kuzaliwa na sarufi bado linanipa mashaka. Mwaka 1996 Saffran, Aslin na Newport waliwasikilizisha watoto wa miezi 8 mfululizo wa silabi usio na vituo kwa dakika 2. Watoto walitambua mipaka ya maneno kwa takwimu za silabi peke yake, yaani ipi hufuata ipi mara nyingi, bila tuzo yoyote. Mipaka ya maneno si sarufi, najua, lakini tangu hapo kila anayeniambia "hili haliwezi kujifunzwa" namtaka kwanza anionyeshe amejaribu.