Je, wajua kwa nini rangi haitoshi kumtambua mnyoo bapa wa baharini?

Ukimwona mnyoo bapa mwenye rangi kali akitambaa kwenye matumbawe, utadhani picha moja inatosha kumpa jina. Haitoshi. Jibu limo ndani ya mwili wake, kwenye viungo vya uzazi.

Minyoo hawa wa oda ya Polikladida ni wembamba kama karatasi, hawana matamvua, na hupumua kwa ngozi. Kila mmoja ni huntha, ana viungo vya kiume na vya kike. Jenasi mbili, Pseudoceros na Pseudobiceros, huweza kufanana sana mgongoni, lakini ya kwanza ina tundu moja la kiume na ya pili ina mawili. Mnyoo mchanga ambaye viungo hivyo havijakomaa mara nyingi hubaki bila jina la spishi, hata awe na madoa ya kupendeza namna gani.

Kumhifadhi ndiyo kazi hasa. Akisumbuliwa hukatika vipande au huyeyuka akawa ute. Kwa hiyo hupigwa picha angali hai, kwa kuwa rangi hufifia baadaye, kisha ukingo wake hukatwa kidogo na kutiwa kwenye alkoholi kwa ajili ya DNA. Halafu huachwa ajinyooshe juu ya karatasi, na karatasi hiyo huwekwa juu ya fomalini (dawa ya kuhifadhia vielelezo) iliyogandishwa, afe kabla hajajikunja.

Maabarani, mwili huzamishwa katika nta, hukatwa tabaka zenye unene wa sehemu chache tu za elfu moja za milimita, hutiwa rangi na kukaguliwa kwa hadubini, tabaka baada ya tabaka, mpaka umbo la viungo lijulikane. Subira hiyo inastahili heshima kubwa.

Mwaka 1884 mwanazoolojia Arnold Lang, aliyechunguza minyoo ya Ghuba ya Naples nchini Italia, aliigawa oda hii mara mbili: wenye kinyonyeo upande wa chini na wasio nacho. Karne moja baadaye wataalamu wawili wa minyoo hawa, Anno Faubel na Stephen Prudhoe, walipanga familia kwa njia zisizolingana. Faubel alitegemea zaidi tezi za kiume, Prudhoe macho na vipapasio. DNA haijaukubali mpango wowote kati ya hiyo miwili kikamilifu. Na kwa kuwa fomalini huharibu DNA, vielelezo vingi vya zamani haviwezi kuamua ubishi huo. Inabidi watafiti warudi kutafuta minyoo hai palepale spishi ilipogunduliwa kwanza.