Wasiwasi Uliokithiri: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana: "Wasiwasi ndiyo akili."
Kwa kiasi fulani msemo huu una ukweli, kwani anayeuhofia mtihani hujisomea na anayemhofia mwizi hukagua komeo kabla ya kulala. Lakini wasiwasi huwa maradhi pale unapodumu kwa miezi, unapopita ukubwa wa jambo lenyewe, na unapomnyima mtu usingizi au kazi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na maradhi ya aina hiyo.

Dhana: "Vipimo ni safi, basi hana kitu."
Dada yangu alishikwa na hofu ya ghafla alfajiri moja ndani ya daladala iliyojaa. Moyo ulimwenda mbio, vidole vikafa ganzi, kijasho chembamba kikamtoka, akaamini kwamba anakata roho. Hospitalini walimpima moyo wakaukuta mzima, akaambiwa hana kitu. Naye alirudi nyumbani akiwa ameumizwa na kauli hiyo, kwa sababu ganzi ile alikuwa ameihisi kwelikweli.

Ubongo unapoamini kwamba kuna hatari, mwili humwaga adrenalini, homoni inayouandaa kukimbia au kupigana, moyo husukuma damu kwa kasi kuelekea kwenye misuli, na mtu huanza kuhema. Anayehema haraka hutoa kaboni dayoksaidi nyingi kupita kiasi, na kupungua kwa hewa hiyo katika damu ndiko kunakoleta kizunguzungu na ganzi ya vidole na midomo. Ndiyo maana kumhimiza avute pumzi kwa nguvu hakumsaidii. Kinachomtuliza ni kupumua polepole, pumzi ya kutoa ikiwa ndefu kuliko ya kuvuta. Shambulio kama hilo kwa kawaida hufikia kilele ndani ya dakika 10 hivi, kisha hupungua. Hata hivyo, maumivu ya kifua yasikisiwe nyumbani: mara ya kwanza mtu apimwe, kwa kuwa hata tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huweza kuleta dalili hizo.

Dhana: "Ni upungufu wa imani."
Sala na dua huwafariji wengi, nami sioni sababu ya kumzuia mtu asiombe. Ninachokipinga ni kumbebesha mgonjwa hatia juu ya ugonjwa wake.

Dhana: "Meza kidonge cha usingizi, yataisha."
Diazepamu, mojawapo ya vidonge hivyo, hutuliza haraka, lakini ikitumiwa kwa muda mrefu huleta utegemezi. Zipo dawa nyingine ambazo daktari huandika, nazo huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu.

Dhana: "Kaa mbali na kinachokutisha."
Hii ndiyo inayodhuru kuliko zote, kwa sababu inafanana na huruma. Dada aliacha kupanda daladala, na kila alipoikwepa alipata ahueni. Ahueni hiyo ndiyo iliyoufundisha ubongo wake kwamba gari lile lilikuwa hatari kweli. Baadaye akaogopa foleni ya benki, kisha soko. Mwanasaikolojia alimpitisha njia ya kinyume, kwa hatua ndogo ambazo walikubaliana pamoja: kwanza kusimama kituoni bila kupanda, kisha kupanda hadi kituo cha pili akiwa na mwenzake, kisha peke yake, akibaki ndani ya gari hadi hofu ipungue yenyewe. Siku alipofika mwisho wa safari, viganja vyake vilikuwa vimelowa jasho. Alilipa nauli, akashuka, akaenda kazini.