Mtoto Anajua Kubonyeza, Sasa Afunzwe Kujilinda

Tangu mwaka wa 2016, serikali ilipoanza kusambaza vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule za msingi za umma, wazazi wengi wa Kisumu hutuuliza idadi tu: shule yetu ina vifaa vingapi? Wana haki ya kuuliza. Lakini mtaala unapoutaja ujuzi wa kidijitali kuwa miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, hauzungumzii kuwasha kifaa na kufungua programu peke yake. Hayo watoto wengi wa mitaa ya Nyalenda na Manyatta huyajua mapema, kwa simu ya mama.

Wasichokijua ni jinsi wanavyoonekana na wengine. Tazama picha ya kawaida ya mwanafunzi mbele ya lango la shule. Beji inataja shule, kibao kinataja mtaa, na maneno yaliyoandikwa chini yanataja jina lake na gredi. Mtu asiyemjua tayari ana pa kumsubiri na jina la kumwita. Mwalimu anaweza kuifundisha hatari hii kwa picha ya mtoto wa kuchorwa ubaoni: wanafunzi wataje yote ambayo mgeni angeyajua, kisha waamue ya kufunika. Zoezi hili halihitaji bando wala umeme, ndiyo maana tunalipendekeza hata kwa shule ambazo vishikwambi vyake vimefungiwa kabatini.

Shule nayo ijichunguze. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, picha ikiwemo. Mwaka wa 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Bado kurasa za shule hujaa nyuso za watoto kila matokeo yakitoka! Fomu ya kujiunga na shule iwe na sehemu ya idhini, na mzazi anayekataa asionekane mkorofi.

Kwa vijana wa sekondari, neno gumu zaidi ni picha za faragha. Chini ya sheria ya makosa ya mtandaoni ya 2018, anayesambaza picha ya utupu ya mtu mwingine anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 200,000, kufungwa hadi miaka 2, au vyote viwili. Aliyeipokea kikundini na kuituma mbele naye anasambaza. Wengi hawajaambiwa hivyo.

Mtoto akitishiwa kwa picha yake, asitume pesa wala asifute ujumbe, kwa kuwa huo ndio ushahidi. Mwalimu au mzazi amsikilize kwanza, bila kiboko na bila matusi, kwa sababu anayeogopa kuadhibiwa nyumbani huendelea kumtii anayemtishia. Kisha wapige 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto, na wapeleke ripoti polisi simu ikiwa na ujumbe wote.