Dinari ya Kirumi ni nini, na utaitambuaje?

Dinari ni sarafu ya fedha ya Warumi. Jina lake tumelizoea: denarius ya Kilatini iliingia Kiarabu, nasi tukaipata kwa Waarabu. Ndiyo ileile ya Injili, ujira wa kutwa wa vibarua wa shamba la mizabibu. Hapa tunazungumzia zile za makaisari, tangu Augusto hadi karne ya 3.

Anza na mizani, sura baadaye. Mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu inatosha. Dinari huwa na kipenyo cha milimita 17 hadi 19 hivi. Ya Augusto ilikaribia gramu 3.9, mwaka 64 Nero aliishusha hadi kama 3.4, na iliyolika hupungua zaidi. Sarafu ya fedha ambayo kaisari amevaa taji la miali ya jua, si shada la majani, kwa kawaida si dinari bali ni antoniniani, sarafu nyingine iliyoanzishwa na kaisari Caracalla mwaka 215.

Kisha soma maandishi, maana sura hudanganya: kuanzia Hadrian makaisari wengi wana ndevu, na sarafu ikilika wote hufanana. Mara nyingi maandishi huanzia chini kushoto yakazunguka kama mshale wa saa. V husimama pia kwa U. Chukua mfano huu: IMP TRAIANO AVG GER DAC P M TR P, na nyuma COS V P P SPQR OPTIMO PRINC. Huyo ni Trajan, mshindi wa Wajerumani (GER) na Wadakia (DAC), kuhani mkuu (P M), baba wa taifa (P P). Kinachotupa tarehe ni COS V, konsuli (cheo cha juu cha uongozi Roma) kwa mara ya tano. Alishika nafasi hiyo mwaka 103, na ya sita mwaka 112. Basi sarafu ni ya kati ya 103 na 111. Penye namba baada ya TR P (mamlaka ya tribuni, cheo kingine cha kaisari) ni bora zaidi, kwani namba hiyo iliongezeka kila mwaka.

Tazama ukingo kwa lenzi. Sarafu halisi iligongwa kwa nyundo, hivyo nyufa ndogo pembeni si dosari. Mstari wa kiungo unaozunguka ukingo, vitundu vya hewa na herufi zilizolegea ni dalili za kumiminwa kwenye kalibu. Wekundu au ukijani palipochubuka huashiria shaba iliyovikwa fedha, ughushi uliofanywa hata enzi zile. Sumaku haisaidii sana: haivuti fedha, lakini haivuti shaba wala risasi pia.

Usiisugue kwa dawa ya meno wala ndimu. Dinari za Septimius Severus zina fedha karibu nusu tu, na weupe wake uko juujuu. Ukiuondoa, herufi nyembamba nazo huondoka, na hizo ndizo ulizozihitaji kuisoma.