"Iko kwenye bajeti" maana yake si "pesa zipo"

Wiki jana nimeulizwa tena. Tulikuwa ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki, watu kama sitini hivi, na mama mmoja wa safu ya mbele akasimama na kitabu cha makadirio ya bajeti ya kaunti kilichokunjamana pembe. "Mwalimu, hapa imeandikwa wodi ya kina mama kwa zahanati yetu, milioni sita. Sisi tunachokiona ni msingi na kuta zilizofika kwenye linta. Zilizobaki amekula nani?" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nina miaka tisa nikifundisha vikundi vya mashinani kusoma bajeti, na swali hili nimelisikia mpaka siku hizi naweza kummalizia anayeuliza.

Wanaokula wapo. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hazijawahi kukosa kurasa za kukukosesha usingizi. Lakini mtu anayedhani bajeti ni gunia la noti ambalo tayari limeshushwa mlangoni pa gavana atamkaba asiye mwizi, na mwizi atampita akimsalimia.

Bajeti ni kibali. Bunge la kaunti likiyapitisha makadirio kabla ya Juni 30, linaiambia serikali ya kaunti: mwaka huu mnaruhusiwa kutumia hadi kiasi hiki kwa kazi hii. Pesa zenyewe bado ni makisio. Kuna mgao unaotarajiwa kutoka Hazina ya Kitaifa, kuna ushuru wa masoko, leseni za biashara, ada za maegesho na kodi ya ardhi ambavyo kaunti inatarajia kukusanya yenyewe, na kuna ruzuku za wafadhili. Makisio ya mapato ya ndani ndiyo hasa huwa ndoto za mchana. Kaunti inaandika itakusanya kiasi ambacho haijawahi kukikaribia tangu serikali za kaunti zianze 2013, kisha miradi inapangwa juu ya pesa hizo hewa. Wenye ujuzi wanajua, wanapitisha tu.

Hata mgao unaotoka Hazina kule Nairobi si jiwe. Mwaka wa fedha wa 2024/25 kaunti zote 47 zilianza zikitegemea shilingi bilioni 400.1. Mswada wa Fedha, uliobeba kodi mpya, ukaondolewa Juni 2024 vijana walipojaa barabarani, bajeti ya taifa ikakatwa, na baada ya mvutano wa miezi kati ya Bunge la Kitaifa na Seneti, kaunti zikabaki na bilioni 387.4. Bilioni 12 na ushee zilitoweka kwenye karatasi kabla mtu yeyote hajazigusa. Kuna wodi, daraja na kisima mahali fulani vilivyoenda na pesa hizo, na kuna mwakilishi wadi aliyeitwa mwizi kwa sababu yake.

Sasa tuifuate shilingi moja ya ile wodi. Hazina inatakiwa kutuma mgao kila mwezi, na kila anayesoma magazeti anajua mgao hucheleweshwa, wakati mwingine miezi miwili au mitatu, na ule wa Juni mara nyingi hufika mwaka mpya wa fedha ukiwa umeshaanza. Ukifika, unaingia kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti. Gavana hawezi kuchota humo apendavyo. Kila pesa inayotoka lazima iidhinishwe na Msimamizi wa Bajeti, kwa mujibu wa Ibara ya 207 na ya 228 za Katiba. Kaunti inaandika ombi na kuambatisha stakabadhi, ombi linarudishwa kwa sababu stakabadhi moja imekosekana, linapelekwa tena. Pesa zikishatoka, swali la kwanza ofisini ni mishahara. Wauguzi wakigoma ni habari ya saa moja jioni. Mwanakandarasi akisubiri hakuna anayejua. Basi mwanakandarasi anasubiri, anachoka, anabeba vyuma vyake anaondoka, na kuta zinabaki kwenye linta. Madeni ya namna hiyo ambayo kaunti hazijalipa yamepita shilingi bilioni 150, na nyuma yake kuna watu waliowekesha hatimiliki za mashamba benki ili wawajengee zahanati.

Halafu kuna jambo ambalo nikilisema ukumbi hunyamaza. Kibali hufa Juni 30. Kifungu cha 136 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinasema idhini ya matumizi inakoma mwaka wa fedha unapoisha, na pesa ambazo hazikutumika zinarudi kwenye mfuko. Kwa hivyo mradi uliokwama mwezi wa tano haujiendelezi wenyewe mwezi wa saba. Ni lazima mtu auandike upya kwenye bajeti inayofuata. Asipouandika, hauko. Vikundi vingi ninavyokutana navyo husherehekea mradi ukiingia kwenye kitabu mara ya kwanza na hawaulizi tena, wakidhani ukishaandikwa umeandikwa.

Na bado hatujafika kwenye mdudu mwenyewe: bajeti ya ziada, yaani ile inayorekebisha ya Juni katikati ya mwaka, ikiongeza huku na kukata kule.

Nilimwomba yule mama kitabu chake, nikatoa changu cha pili mkobani. Cha kwake ni kile cha Juni, ambacho kilisomwa kwa shangwe, na suti, na kamera. Changu ni bajeti ya ziada iliyopitishwa miezi kadhaa baadaye, siku ya kazi ya kawaida, hakuna kamera. Tukatafuta fungu la afya, tukashuka na kidole mpaka kwenye jina la zahanati yao. Kwake: 6,000,000. Kwangu: 2,100,000. Mstari uleule, jina lilelile. Tukaendelea kushuka: safari na marupurupu ya ofisi vilikuwa vimepanda.

Hakuna aliyeingia usiku na kuiba milioni 3.9. Kuna watu walioketi mchana na kuamua, na uamuzi ukapigiwa kura, na mwakilishi wa wadi hiyohiyo, ambaye picha yake akiweka jiwe la msingi ilikuwa ingali inazunguka kwenye simu za watu, alikuwa mmoja wa waliopitisha. Hasira ya ukumbi ilihamia mahali pake katika dakika tatu. Kabla ya hapo walikuwa wanataka kumpeleka mwanakandarasi kwa chifu.

Kwa hivyo mkinialika, wimbo wangu ni huu na sichoki kuuimba: usiniletee kitabu cha Juni peke yake. Niletee makadirio yaliyopitishwa, bajeti za ziada zote za mwaka huo, na ripoti ya utekelezaji ya Msimamizi wa Bajeti ya robo mwaka, ambayo iko mtandaoni bure na inaonyesha kaunti yako imetumia nini na kwa kazi gani. Bajeti ya ziada ukinyimwa, andika barua. Ibara ya 35 inakupa haki ya habari, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 za kukujibu. Barua iwe na tarehe, na nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Kupiga simu kwa "mtu wetu pale kaunti" si ushahidi wa chochote.

Dhana ya pili kwa kunikera ni kwamba bajeti hutengenezwa kwenye ule mkutano wa maoni ya umma wa Aprili au Mei, wenye hema na soda. Watu wanatembea kilomita saba kwenda kuomba daraja. Daraja gani? Viwango vya kila idara viliwekwa kwenye Taarifa ya Mkakati wa Fedha, ambayo hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Februari 28. Baada ya hapo, kanuni za 2015 za ile Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma haziliruhusu bunge la kaunti kusogeza kiwango cha fungu zaidi ya asilimia 1, na ukiongeza hapa lazima ukate pale. Kuja Mei na ombi la daraja jipya ni kufika harusini sahani zikiwa zinaoshwa. Orodha ya miradi huzaliwa kwenye Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, unaopelekwa bungeni kufikia Septemba 1, takriban miezi kumi kabla ya mwaka husika kuanza, nao huchota kutoka mpango wa miaka mitano, ambao kwa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kwa hiyo mwezi wa kupigania daraja ni Agosti. Agosti hakuna hema wala soda, na ndiyo maana hakuna watu.

Nikisema hivyo hutokea mtu akauliza, basi mkutano wa Mei una maana gani? Maana ipo: nenda ukahakikishe ulichoahidiwa Septemba hakijafutwa.

Kuna hii nyingine ambayo hata viongozi wanaieneza, kwamba faida ya bajeti ni ujenzi. "Kaunti inatumia pesa zote kwa matumizi ya kawaida, sisi tunataka maendeleo." Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, na kaunti kadhaa hazifiki hapo zikihesabiwa mwisho wa mwaka. Mishahara nayo haifai kupita asilimia 35 ya mapato, na nyingi zimepita zamani. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini muuguzi anayemzalisha binti yako saa tisa usiku ni matumizi ya kawaida. Dawa za kupunguza presha za mzee, chanjo ya ng'ombe, mafuta ya gari la zimamoto, mwalimu wa chekechea, mtu anayezoa taka sokoni: vyote viko upande huo wa kitabu. Nimeingia kwenye zahanati mpya yenye vigae vinavyong'aa, kitanda cha kujifungulia kikiwa bado ndani ya nailoni, na kufuli mlangoni, kwa sababu jengo lilitengewa pesa na muuguzi hakutengewa. Lilikuwa limezinduliwa mara mbili. Wanakijiji walipoomba "wodi" nani aliwaambia waombe pia mtu wa kufanya kazi ndani yake? Siku hizi kikundi kikiniletea ombi la jengo ninawarudisha waandike ukurasa wa pili: nani atafanya kazi humo, mshahara wake utatoka fungu gani, dawa zitaagizwa na nani.

Nyingine nazipitia mbio, maana hazistahili muda.

"Kaunti ijenge madarasa ya shule yetu ya msingi." Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Shule za msingi na za upili, polisi na barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. Kaunti ina zahanati, vituo vya afya na hospitali zake, kilimo, maji, masoko na barabara zake yenyewe. Kabla ya kuandamana, jua mlango.

"Pesa za CDF ni za kaunti." La. Huo ni mfuko wa maendeleo ya maeneobunge, na pesa zake zinapitia kwa mbunge kwenye maeneobunge 290, na zinatoka katika fungu la serikali ya kitaifa. Mahakama Kuu ilitangaza Septemba 2024 kwamba sheria yake inakiuka Katiba na kuipa hadi Juni 30, 2026. Ukimuuliza mwakilishi wadi juu ya basari ya CDF atatabasamu na kukwambia umuone mheshimiwa mwingine, na kwa hilo atakuwa sahihi.

"Kaunti hupewa asilimia 15 ya pesa za mwaka huu." Asilimia 15 ni kiwango cha chini kabisa, na hupigwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge la Kitaifa. Hesabu hizo kwa kawaida ni za miaka iliyopita.

"Tunapewa kidogo kwa sababu gavana wetu haelewani na rais." Ugavi baina ya kaunti hufuata fomula inayopitishwa na Seneti kila miaka mitano. Ile ya tatu, iliyotumika hadi 2024/25, iligawa asilimia 20 sawasawa kwa kila kaunti, 18 kwa idadi ya watu, 17 kwa afya, 14 kwa umaskini, na sehemu nyingine kwa kilimo, ukubwa wa eneo, barabara na miji. Hakuna safu ya urafiki.

Na hii ya mwisho, ambayo husemwa kwa unyenyekevu na ndiyo hunipandisha hasira upesi: "Sisi hatulipi kodi, tutamdai gavana kwa uso gani?" Mama, ile sabuni uliyonunua jana ina VAT ya asilimia 16. Dizeli ya matatu iliyokuleta hapa imetozwa kodi juu ya kodi, nawe ukailipa ndani ya nauli. Asubuhi yule kijana mwenye kitabu cha risiti alikutoza ushuru kabla hujauza nyanya ya kwanza. Halafu gavana "ametupa" wodi?

Yule mama wa safu ya mbele alinipigia simu jana jioni. Barua ya kikundi imepokelewa na kupigwa muhuri. Nikamuuliza kama alibaki na nakala yake. Akacheka, akasema ameiweka ndani ya Biblia, na siku ya 21 ameizungushia duara kwenye kalenda.