Mjomba, Dagaa na Hesabu ya Alama Tatu

Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika uliposimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, mabishano ya mialoni hapa Kigoma yalinirudisha kwa Fritz Heider, mwanasaikolojia mzaliwa wa Vienna, ambaye katika makala yake ya mwaka 1946 alieleza kwamba msimamo wa mtu hausimami peke yake, bali umefungamana na watu anaowapenda na anaowachukia.

Tumchukue mvuvi wa dagaa wa Kibirizi. Anampenda mjomba wake aliyemfundisha kazi. Yeye anapinga ziwa kufungwa, mjomba anaunga mkono. Mahusiano hayo matatu yakipewa alama, yaani chanya, hasi na chanya, kisha yakazidishwa, jibu ni hasi, na hiyo ndiyo hali isiyo na mizani, inayomkera mtu hata asipoweza kutaja kinachomkera. Ili mizani irudi, anaweza kukubali ziwa lifungwe. Anaweza kumchukia mjomba. Anaweza kujiambia kwamba mjomba haamini anayoyasema, ila analinda cheo chake mwaloni. Au akamgawa mjomba mara mbili, akamheshimu kama mzazi na kumpuuza kama mvuvi. Hii ya mwisho ndiyo ninayokutana nayo zaidi, pengine kwa sababu haimlazimu mtu kugombana na yeyote.

Atashika njia ipi? Wanasaikolojia Rosenberg na Abelson, mwaka 1960, walionyesha kwamba mtu huelekea kwenye njia inayodai mabadiliko machache, ingawa pia huvutwa na ile isiyomtia hasara. Kumkana mjomba kunagusa mengi: mahari aliyoichangia, nyavu alizomwazima, misiba waliyozika pamoja. Kwa hesabu hiyo ingekuwa rahisi kukubali ziwa lifungwe, lakini ada ya watoto nayo imo kwenye mizani.

Mtaalamu mgeni anayekuja na takwimu za samaki hana alama yoyote katika pembetatu hiyo, kwa hiyo kutokubaliana naye hakumnyimi mtu usingizi. Ndiyo maana ninapoombwa ushauri kuhusu kampeni ya aina hii, swali langu la kwanza huwa ni nani aliyewaazima nyavu wavuvi wa mwalo huo, na yeye anasemaje.